Fundi Saa na Gari la Moshi la Chanikiwiti

Juu ya meza ya Fundi Saa palikuwa na vikombe vya kahawa ambavyo havikunywewa kahawa. Kila saa iliyofunguliwa ilipewa kikombe chake, na kila skrubu, kila kigurudumu, kila kipande cha kioo kilichotoka ndani yake kiliingia humo, hata kama kilikuwa kimevunjika na hakifai tena. Siku ya kuchukua, mwenye saa alikabidhiwa saa kwa mkono wa kulia, na kile kibovu alikabidhiwa vilevile, kimefungwa katika kijikaratasi.

"Hiki cha nini, Fundi? Si umeshatia kipya?"

"Ni chako. Kitupe wewe."

Watu walikitupa papo hapo mlangoni, na jioni mkewe alizoa vijikaratasi kwa ufagio huku akinung'unika. Fundi hakujali. Neno lake lilikuwa moja: "Kitu cha watu kirudi na kilichokuja nacho." Alilisema kwa watu wazima, kwa watoto, na nilimsikia akimwambia hata paka aliyeiba samaki wa jirani.

Nilimjua miaka mingi kwa sababu ukuta wa duka lake ulikuwa ndio ukuta wetu. Mama yangu alikaanga mahamri alfajiri, mimi nilishona kofia barazani mchana kutwa, na yeye alikaa upande wa pili wa nguzo, kioo chake kimebanwa jichoni, akipumua kwa pua kama mtu anayelala. Msambweni yote ilimwita Fundi Saa. Mkewe peke yake ndiye aliyemwita kwa jina lake, tena akiwa amekasirika, kwa hiyo sitaliandika hapa. Naandika polepole, na mtu huyu anatosha bila jina.

Fundi mwenyewe hakuvaa saa. Alikwenda kuswali kwa kutazama kivuli cha nguzo, na kwa kazi zake alichelewa sikuzote. Aliyemsumbua zaidi kwa jambo hilo ni mzee mmoja tuliyemwita Gadi. Alikuwa gadi wa gari la moshi maisha yake yote, toka Mombasa mpaka huko bara kwenye baridi, na alipostaafu alirudi kwao Msambweni, mahali ambapo hakuna reli hata ya kutundikia nguo. Alirudi na saa ya mfukoni yenye mnyororo na filimbi aliyoivaa shingoni. Kila asubuhi alikuja kuuliza kama saa yake inakwenda sawa, ingawa ilikuwa inakwenda sawa.

"Fundi, uliniambia saa nne."

"Nilikuambia."

"Sasa ni saa sita."

"Kwa saa ya nani?"

"Kwa saa hii uliyoitengeneza wewe!"

"Alhamdulillahi," Fundi alisema bila kuinua kichwa. "Basi inakwenda."

Gadi alipuliza filimbi kwa hasira, watoto wa chuo cha Kurani wakakimbia wakidhani wanaitwa.

Walikuwa hivyo, na bado hawakuweza kukaa mbalimbali. Gadi akiugua, Fundi alifunga duka na kwenda kumkanda miguu. Fundi akichelewa kufungua, Gadi alisimama mlangoni akiwaambia wateja, "Atakuja, atakuja, amechelewa kidogo huko njiani," kwa sauti ileile ya stesheni.

Nyuma ya meza palikuwa na rafu, na juu ya rafu palikuwa na kitu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Sote tulijua ni nini. Lilikuwa gari la moshi dogo la bati, urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka kiganja, kichwa chake na behewa lake la makaa, lenye springi ndani na ufunguo ubavuni kama saa ya mezani. Watoto waliruhusiwa kuliangalia Fundi akipangusa vumbi, lakini mikono iwe nyuma. "Mikono mgongoni!" alisema, na sote tulishika vidole vyetu mgongoni kama askari. Mimi nilikuwa na haya hata ya kuomba maji nyumbani kwetu, lakini kulitazama lile gari nilikwenda.

Halikuwa lake. Mwaka wa Uhuru, bendera mpya ilipokuwa bado inatazamwa na watu kama mgeni, alikuja Mzungu mmoja mzee aliyekuwa na nyumba Galu, ufuoni. Nilikuwapo. Nilikuwa mdogo, najifunza kutunga uzi kwenye sindano, nimeketi kizingitini na kikapu cha nyuzi cha mama. Yule Mzungu alilitoa gari katika mfuko wa turubai akaliweka mezani kwa mikono miwili. Rangi ilikuwa imebanduka kwa kutu ya bahari na springi ilikuwa imekatika. Alisema kwa kile Kiswahili cha masetla:

"Mimi nakwenda Ulaya, dawa ya kifua. Hii ya mimi tangu mtoto. Wewe natengeneza, wewe naweka. Mimi narudi, mimi nachukua."

"Taib," Fundi alisema. "Ni amana."

Kwetu neno hilo si la kutupa ovyo. Mtu akiweka amana kwako, umebeba shingo yake juu ya shingo yako. Ukifa nayo, wanao hawapati usingizi mpaka irudi kwa mwenyewe, na irudi kama ilivyokuwa. Fundi alilijua hilo kuliko wengi, ndiyo maana nikaanza na vile vikombe vyake. Na huyo huyo ndiye aliyeharibu.

Aliharibu kwa mapenzi. Springi aliitia mpya katika juma moja. Kisha akaona rangi ilivyobanduka, akaona aibu kumrudishia mtu kitu kibaya hivyo. Maisha yake hakuwa amepanda gari la moshi. Akavuka feri ya Likoni, akaenda stesheni ya Mombasa, akasimama kutwa nzima akitazama vile vichwa vikubwa vikiingia na kutoka. Alirudi amefurahi na macho mekundu kwa moshi.

"Nimeona," alimwambia mkewe. "Maskini yule Mzungu, gari lake limeibiwa vitu."

Kwani alichokiona Mombasa ni hiki: kila kichwa cha gari la moshi kina taa kubwa usoni, na chini ya uso vinateremka vyuma kama ndevu, vya kusukuma ng'ombe au nyati aliyelala njiani. Na rangi yake ni damu ya mzee. Lile gari la bati halikuwa na taa wala ndevu. Lilikuwa na vifungo viwili vya chuma mbele, mviringo, ambavyo Fundi aliviona havina kazi. Basi alivitoa, akakwangua rangi yote mpaka bati likang'aa, akachonga ndevu kutokana na mkebe wa samaki, akazikaza kwa skrubu mbili, akatia taa iliyotokana na kioo cha saa ya kike, akapaka damu ya mzee ile inayopakwa milangoni. Vifungo viwili alivitia kikombeni, bila shaka.

Sote tulisifu. Mama yangu alipeleka mahamri. Fundi alilitia ufunguo likatembea mezani, taa mbele, ndevu mbele, na watu wakapiga makofi.

Gadi alikuwa bado kazini wakati huo. Mwaka uliofuata alistaafu, akaja na saa yake kwa mara ya kwanza, akaona kitambaa kikiondolewa. Alicheka mpaka akashika nguzo yetu.

"Fundi! Hili gari la Uingereza umelifugisha ndevu?"

"Gari lipi halina ndevu? Nimekwenda Mombasa, nimeona kwa macho yangu."

"Umeona letu! Ng'ombe wa Uingereza ana ua. Njia yote ile, kushoto kulia, imezungushiwa ua toka mwanzo mpaka mwisho. Ndevu za kumsukuma nani? Na taa kubwa ya kumulika simba gani? Wao wanatundika vitaa vidogo tu. Madereva wa Kizungu wamenihadithia miaka yote. Nimeona picha."

"Na vifungo vya mbele?"

"Vya kupokea mgongano wa mabehewa. Ndiyo mambo yao hayo. Umeving'oa?"

Fundi alikifunika kile kitu kwa kitambaa. Siku ile alifunga duka mapema, na mkewe alimwambia mama yangu kwamba hakula.

Tangu siku hiyo nilimwona mtu akibeba mzigo usioonekana. Ndevu zilitoka, taa ilitoka, na vifungo vilirudi mahali pake, kwa kuwa vilikuwapo kikombeni. Yalibaki matundu mawili ya skrubu tu. Lakini rangi! "Skrubu naitia kikombeni," alimwambia Gadi. "Rangi niliyoikwangua niliipuliza kwa mdomo wangu. Nitaiokota wapi?"

Alijua ilikuwa kijani. Kijani gani, ndilo lililomtoa usingizini.

Hapo ndipo alipoanza kutafuta habari za magari ya moshi ya Uingereza, yeye asiyesoma herufi za Kizungu, asiyefika mbali kuliko Mombasa, katika mji usio na reli. Alitafuta kama watu wanavyomtafuta mbuzi aliyepotea, kwa kuuliza kila mpita njia. Gadi alimweleza aliyoyajua. Zamani, alisema, reli za Uingereza zilikuwa za makampuni mbalimbali, na kila kampuni ilivalisha vichwa vyake rangi yake, kabla serikali haijazikusanya pamoja.

"Kama kanga," Fundi alisema. "Kila mmoja na doti yake."

"Kama kanga. Mmoja kijani cha chupa, mwingine kijani cha tofaa, mwingine damu ya mzee..."

"Damu ya mzee ipo?"

"Ipo. Lakini si lako."

Fundi alikuwa amepata tumaini kwa kitambo kidogo tu.

Palikuwa na kijana wa bara aliyefanya kazi ya mezani katika hoteli ya Diani, mwenye maneno ya haraka, aliyekuja kutengeneza saa yake mara kwa mara kwa sababu aliitumbukiza katika maji ya vyombo. Fundi alimwomba amletee picha zozote zenye gari la moshi ambazo wageni huziacha. Akaleta mfuniko wa mkebe wa biskuti, kalenda ya zamani, kurasa za magazeti. Mimi nilikuwa nimefika darasa la saba, kwa hiyo Fundi alinipitishia karatasi juu ya ukuta wa baraza nimsomee maneno yaliyoandikwa chini ya picha. Nilisoma kwa sauti ndogo, naye aliinamisha sikio. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba mahali kitaa kilipotundikwa usoni mwa gari ndipo panapoonyesha kama ni la abiria au la mizigo. Jambo hilo lilimfurahisha siku tatu nzima. "Hawana haja ya kupiga kelele," alisema. "Kitaa kinazungumza."

"Mzee," yule kijana wa hoteli alimwambia siku moja, "mimi naona unajisumbua bure. Hii si ni kitu ya watoto? Sasa ni Uhuru. Paka nyeusi, nyekundu, kijani, maneno iishe."

"Bendera ni ya taifa," Fundi alisema. "Hili ni la mtu."

"Na huyo mtu akikosa kurudi?"

"Nitakufa nalo, na atakuja kunidai kule."

Yule kijana hakucheka tena. Aliondoka akaleta picha nyingine.

Fundi alikata vibati vidogo vingi, kila kimoja akakipaka kijani chake, akavitunga katika uzi dirishani. Upepo ulipovuma viligongana kwa sauti nyembamba. Watu wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Ikasemwa kuwa Fundi Saa ametundika hirizi, na mwanamke mmoja kutoka Majoreni alikuja na kuku akitaka ya kumrudisha mumewe.

"Bibi, hizi ni rangi."

"Najua, mwanangu. Nipe ya kijani."

"Zote ni za kijani!"

"Basi zote."

Mkewe ndiye aliyemtuliza yule bibi kwa chai, na kuku akarudi alikotoka, kwa sababu na yeye alikuwa kitu cha watu.

Wageni wa Kizungu waliopelekwa na yule kijana, Fundi aliwaonyesha vibati akawauliza kwa ishara na kwa Kiingereza cha Gadi. Mmoja alichagua kijani cha chupa. Mwingine akasema cheusi, na mkewe akasema mumewe hajui kitu, ilikuwa buluu. Walibishana mlangoni kwetu mpaka chai yao ikapoa. "Wenyewe hawajui," Fundi alisema walipoondoka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alitabasamu.

Lakini kuna mmoja aliyejua. Alikuwa mgeni wa hoteli, mwembamba, mwenye kukusanya magari madogo ya moshi huko kwao, chumba kizima. Alilishika gari kwa heshima, kwa ruhusa, akaligeuza, akahesabu magurudumu, akataja kampuni na aina ya kichwa bila kusita. Gadi alikuwa anafasiri kwa adabu. Yule mgeni akapitisha kidole kwenye vibati akasimama kwenye kijani cha chupa. Ndicho.

Fundi akamwonyesha kibati kimoja kilichokuwa mwisho wa uzi. Kilikuwa chanikiwiti, kile kijani kikali kinachong'aa, cha jani changa likipigwa na jua.

Mgeni alitikisa kichwa. Hapana. Hakuna gari la Uingereza lililowahi kuwa na rangi ile. Ingekuwa kichekesho.

Alipokwenda zake, Gadi alisema, "Basi yamekwisha. Paka cha chupa. Mwenyewe atafurahi."

Fundi alikaa na mikono mapajani. Mkewe alitoka ndani akajifuta mikono kwa kanga.

"Macho yako yaliona nini siku ile?"

"Yaliona chanikiwiti."

"Basi?"

"Basi macho yangu haya ndiyo yaliyoona ndevu pasipokuwa na ndevu. Nitayaamini vipi? Nikipaka chanikiwiti na huyu bwana amesema kweli, nitakuwa nimeharibu mara mbili. Nikipaka cha chupa na mimi ndiye niliyeona kweli, nitamrudishia mtu gari la mtu mwingine."

"Mimi sikuliona vizuri," mkewe alisema. "Nilikuwa jikoni."

Fundi akageuza uso upande wa nguzo yetu. Hakuwahi kuniuliza jambo mbele za watu, kwa kuwa alijua nilivyo.

"Binti, wewe ulikuwapo. Ulikaa pale kizingitini. Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwapo. Ilikuwa rangi gani?"

Gadi alinitazama. Mkewe alinitazama. Yule kijana wa hoteli, aliyemleta mgeni na kukawia nyuma, alinitazama vilevile. Niliinuka nikaingia ndani, na nilisikia Gadi akisema, "Umemtisha mtoto wa watu."

Sikuwa nimetishwa. Siku ile ya kwanza, nikiwa mdogo, nilikuwa nimetoa uzi mmoja katika kikapu nikaulinganisha kwa mbali na lile gari, jicho moja nimelifumba, kama watoto wanavyofanya, na ulikuwa sawasawa. Kwa furaha niliuficha nisiutie katika kofia yoyote. Niliukuta chini ya kikapu, umevingirishwa kwenye kijiti. Nilitoka nikauweka mezani mbele yake, nikarudi upande wetu.

Fundi aliuchukua, akaupeleka kwenye kile kibati cha mwisho. Ulipotea juu yake kama maji juu ya maji.

Akamwambia Gadi, "Nimepata shahidi. Kuna mwingine aliyeona, si mimi peke yangu."

"Mtaalamu amekwambia hakuna gari la rangi hiyo dunia nzima!"

"Sikuwekewa amana ya dunia nzima. Niliwekewa hili."

Akapaka chanikiwiti. Alipaka kwa unyoya wa kuku, taratibu, akikausha tabaka baada ya tabaka. Gadi alikuja kila asubuhi akasema linafanana na parachichi, na kila asubuhi alirudi kulitazama. Fundi alikuwa ameamua, lakini hakuwa ametulia. Nilimsikia nyuma ya ukuta akijisemea, "Na kama sivyo?" Kisha nyundo ndogo, kisha tena, "Na kama sivyo?"

Mzungu wa Galu alirudi bila kupeleka habari. Teksi ilisimama, kijana wa hoteli akashuka kwanza, kisha fimbo, kisha yule mzee, amekonda kuliko alivyokuwa. Fundi aliinuka ghafla, vikombe vikatikisika.

"Jambo, Fundi. Mimi narudi."

"Karibu. Amana yako ipo."

Aliondoa kitambaa. Yule mzee aliangalia, akavaa miwani, akaangalia tena. Mkono wake ulikwenda ukasimama hewani. Fundi hakungoja kuulizwa. Alisema yote kwa mkupuo mmoja: Mombasa, ndevu, taa, damu ya mzee, kukwangua, matundu mawili yaliyobaki, na kwamba rangi aliyoitia ni ile aliyoiona kwa macho yake na kushuhudiwa na binti wa jirani, na ikiwa sivyo basi amsamehe hapa duniani asimngoje kule.

"Wewe napata wapi hii rangi?" yule mzee aliuliza.

Fundi alinielekeza kwa kidevu. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kofia niliyokuwa nashona.

"Hii si rangi ya treni," yule mzee alisema.

Fundi aliketi. Aliketi kama mtu aliyekatwa kamba.

"Hapana treni ya hii rangi. Hii rangi ya mlango." Yule mzee alikuwa anacheka, na miwani ilikuwa inapata ukungu. "Mlango ya jiko ya mama yangu. Mimi mtoto, mimi naiba rangi, napaka treni. Kaka yangu nacheka mimi mwaka mzima. Watu yote naambia mimi: toa hii, paka ile ya haki. Mimi nakataa. Mama nakufa, nyumba nauzwa, mlango napotea. Hii tu nabaki." Akaligusa kwa ncha ya kidole. "Wewe narudisha mlango ya mama."

Gadi ndiye aliyezungumza kwanza.

"Yaani miaka yote hii, vibati vyote vile, tulikuwa tunatafuta mlango?"

"Tulikuwa tunatafuta mlango, Gadi," Fundi alisema. Akaanza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko kizito, kilichokaa ndani muda mrefu, na kilipotoka kilimtoka na machozi, na mkewe alisimama mlangoni na mwiko mkononi akicheka bila kujua sababu.

Yule mzee alitaka kuziona zile ndevu. Fundi alizitoa chini ya meza, pamoja na taa yake, zimefungwa katika kitambaa. Yule mzee alicheka mpaka akakohoa, Gadi akampiga mgongo. Kisha Fundi akamkabidhi gari kwa mkono wa kulia, halafu kijikaratasi.

"Hii nini?"

"Springi ya zamani, iliyokatika. Ni yako. Itupe wewe."

Yule mzee alikitia mfukoni mwa shati. Ndiye mtu wa pekee niliyemwona asiyekitupa.

Teksi ilipokwenda, Fundi alikwenda kuswali adhuhuri, akarudi, akajilaza sakafuni katikati ya duka, mlango wazi, saa za watu zote zikipiga juu yake. Mteja alikuja, mkewe akaweka kidole mdomoni. Gadi alikuja, akaangalia saa yake, akaangalia aliyelala, akaishika filimbi yake isigonge kifungo, akaondoka kwa ncha za vidole.

Mimi baadaye nilikwenda kukaa Majoreni kwa mama mdogo, ambako kofia zangu zilipata wanunuzi. Niliporudi Msambweni kwa Idi mwaka jana nilipita kumwamkia. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia utando, na saa ndogo za kike hakupokea tena. Vibati vilikuwa bado dirishani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, shahidi wangu. Ingia, uone."

Mezani palikuwa na gari la moshi. Halikuwa na kitambaa. Lilikuwa kubwa kuliko lile, la mikebe ya mafuta, limepakwa damu ya mzee iliyotiririka pembeni kwa sababu ya macho yake. Usoni lilikuwa na taa kubwa mno, na chini ya taa zile ndevu zenyewe, zilizotoka kwenye mkebe wa samaki.

"Gadi anasema magurudumu ni mengi kupita kiasi," alisema. "Nimemwambia hili si la Uingereza wala si la Mombasa. Hili ni la Msambweni. Reli yake haijajengwa." Kisha akanitazama, akiinamisha kichwa ili anione vizuri. "Mbona umeficha mikono mgongoni?"

Sikuwa najua kuwa nimeificha.

"Nimezoea, Fundi."

"Hili si amana. Lishike."

Nililishika. Lilikuwa zito upande mmoja. Alilitia ufunguo likiwa mikononi mwangu, na magurudumu yakaanza kuzunguka kwenye viganja vyangu, yakinitekenya, mpaka nikaogopa nisije nikaliangusha.

"Likivunjika je?" niliuliza.

"Likivunjika, limevunjika," alisema, akaegemea ukuta wetu, akafumba macho.